Maniema: kamiyo inapolala kijijini, batri zinapanga foleni

Kwenye barabara za kusini mwa Maniema, kati ya Kasongo, Lusangi na Kabambare, kamiyo ikilala njiani haileti chumvi, sabuni na nguo tu. Inaleta umeme pia. Kabla dereva hajazima moteri, watu wanafika na telefoni mkononi, wengine wamebeba batri kichwani. Kuna batri ya mwenye butike anayeuza usiku, ya kanisa lenye spika, na mara nyingine ya kituo cha afya ambako mama anazalishwa kwa mwanga wa taa ndogo.

Waya za SNEL hazifiki vijijini huku. Katika Kongo nzima, takriban mtu mmoja kati ya watano ndiye anayepata umeme, na nje ya miji ni wachache kabisa. Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungulia kampuni za watu binafsi mlango wa kuzalisha na kuuza umeme. Mwenye butike wa kando ya barabara bado anajitegemea: pano ya jua juu ya bati, jenereta kwa mwenye uwezo, na kamiyo inapopita.

Mvua zikianza, kamiyo inaweza kukaa siku kadhaa mahali pamoja kwa sababu ya tope. Hapo dereva naye anakuwa kama mkaaji wa kijiji. Anahitaji taa, redio, na telefoni ya kumwambia tajiri kwamba mali bado iko salama. Vyote anavivuta kwenye batri zilezile zitakazowasha moteri siku ya kuondoka. Kamiyo nzito yenye batri zilizokufa haisukumwi kwa mikono, tena ikiwa kwenye tope.

Malalamiko yanayosikika sana ni haya: batri imeshinda kwenye kamiyo, moteri ikinguruma, lakini usiku taa inazimika mapema. Mara nyingi lawama inaangukia batri, au dereva anayedhaniwa amedanganya. Mkosaji wa kwanza ni waya.

Chukua waya mwembamba wa nyumba, wa milimita mraba 1.5, wenye urefu wa mita 10. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo njia yake ni mita 20. Ukipitisha ampea 10, zaidi ya volti 2 zinapotea njiani. Batri ya volti 12 inahitaji kupata kama volti 14 ili ijae vizuri. Ukitoa hizo 2, inabaki 12, na hapo hakuna kinachoingia tena. Basi ampea zenyewe zinashuka mpaka 5, au chini ya hapo. Ukileta batri karibu na kamiyo na kutumia waya mfupi, mnene, kama ule wa kuwashia gari, mambo yanabadilika palepale. Ajabu ni kwamba watu wanalipia batri kwa shida, halafu wanabana matumizi kwenye mita mbili za waya.

Tufanye hesabu. Batri ya ampea-saa 100 iliyotumika nusu inadai 50. Kwa ampea 5, hayo ni masaa 10, na kwa kweli zaidi, maana batri inavyokaribia kujaa ndivyo inavyopokea polepole. Moteri ya kamiyo kubwa ikinguruma bila kutembea inakula kama lita 2 hadi 3 za mazutu kwa saa. Lita 20 au 30 kwa batri moja, katika nchi ambako kila lita imesafiri mbali kabla ya kufika Kasongo! Kamiyo ikiwa inatembea, umeme huo unapatikana karibu bure. Ikiwa imesimama, ni ghali kuliko jenereta ndogo.

Jambo la pili ni hatari zaidi. Kamiyo nyingi ni za volti 24: batri mbili za 12 zimefungwa moja nyuma ya nyingine, na alternateri inatoa kama volti 28. Batri ya kijiji ni ya 12. Ukiifunga kwenye zote mbili, itachemka, na inaweza kupasuka. Kwa hiyo wengi wanaifunga kwenye moja tu ya zile mbili. Inachaji, ndiyo. Lakini ile iliyofungwa inabaki na njaa, na mwenzake anapewa kupita kiasi mpaka maji yake yanakauka. Baada ya miezi kadhaa dereva ananunua batri mbili mpya bila kujua kilichoua za zamani. Njia iliyo afadhali ni kuleta batri mbili za kijiji zilizo sawa kwa ukubwa na kwa hali, kuziunga pamoja zifike 24, kisha kuzichaji kwa zote mbili za kamiyo. Kuna pia kifaa cha kushusha 24 mpaka 12. Dereva anayelala njiani mara kwa mara hatajutia kukinunua.

Batri inayochajiwa inatoa gesi inayowaka kwa cheche moja. Sigara ikae mbali, moteri izimwe kabla ya kufunga au kufungua waya, na fyuzi iwekwe karibu na batri ya kamiyo. Asidi ikiruka jichoni, maji safi mengi, mara moja, kwa dakika nyingi. Maji ya mto Luama hayafai kuongezwa ndani ya batri. Yakikosekana maji ya dukani, afadhali ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kutoka angani, si yale yaliyopita kwenye bati. Na batri iliyokufa isivunjwe nyumbani ili kuyeyusha risasi yake: moshi na vumbi lake vinaharibu ubongo wa watoto, hata kwa kiasi kidogo.

Pano ya wati 100, kwenye jua zuri, inarudisha kama ampea-saa 30 kwa siku. Siku mbili zinatosha kulipa lile deni la 50. Mawingu yakiwa mengi, inachelewa. Ndiyo maana vitu viwili hivi vinasaidiana: saa moja ya moteri kwa waya mnene, wakati batri ina njaa na inapokea haraka, kisha pano imalizie taratibu mchana kutwa bila mazutu. Dereva anayetaka kulala bila wasiwasi anaongeza batri ya tatu kwa ajili ya taa na telefoni peke yake, yenye swichi inayoitenga moteri ikizimwa. Kijiji kikivuta usiku kucha, kinavuta hiyo, na zile mbili za kuwashia hazijaguswa.