Mtoto si mzigo wa kugombewa mipakani

Ndoa inapovunjika baina ya watu wa mtaa mmoja, jamaa na wazee hupata fursa ya kusuluhisha. Lakini mzazi mmoja akiwa Nairobi na mwenziwe London au Toronto, suluhu ya wazee haifiki mbali, na aghalabu ugomvi huishia kortini. Hapo ndipo wengi hushangaa kuona kwamba swali la kwanza la hakimu si nani mzazi bora, bali ni korti ya nchi gani iliyo na haki ya kuliamua shauri lenyewe.

Yafaa swali hilo lieleweke kwa walimu na wanafunzi wao, maana Wakenya wengi huoa, huolewa na kuzaa ng'ambo, na yamkini darasani mwetu ameketi mtoto aliyehamishwa nchi bila mzazi wa pili kuridhia.

Msingi wa sheria ya kimataifa katika jambo hili ni Mkataba wa Hague wa Oktoba 25, 1980, ulioanza kutumika Desemba 1, 1983, na ambao sasa umekubaliwa na mataifa zaidi ya 100. Mkataba huo wamhusu mtoto wa chini ya miaka 16 aliyetoroshwa au kuzuiliwa ng'ambo kinyume cha haki ya ulezi ya mzazi mwingine. Kanuni yake ni kwamba mtoto arejeshwe upesi katika nchi alikokuwa na makazi ya kawaida, na korti za huko ndizo ziamue ataishi na nani. Kurejeshwa kwake, basi, si ushindi wa mzazi mmoja. Ni kulirudisha shauri mahali pake.

Hata hivyo, mkataba haukufumba macho. Korti yaweza kukataa kumrejesha mtoto iwapo kuna hatari kubwa ya yeye kudhurika kimwili au kiakili, au iwapo mtoto mwenyewe, akiwa na umri na ukomavu wa kutosha, anapinga. Vilevile, ombi likiletwa baada ya mwaka 1 kupita, na mtoto akawa amekwisha kuzoea mazingira mapya, huenda akaachwa aliko.

Lakini makazi ya kawaida ni nini? Mkataba haukuyafasili maneno hayo, na hapa mwanaisimu hutega sikio. Mnamo Aprili 2009, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ikifasiri sheria ya Umoja huo yenye maneno yayo hayo, iliagiza yapimwe muda na sababu za kukaa, uraia, shule, uhusiano wa mtoto na jamaa na jamii, na pia lugha anazozijua. Lugha, kumbe, ni ushahidi wa mahali mtoto alipotia mizizi.

Je, mtoto asiyeweza bado kusema? Mahakama ya Juu ya Marekani ilikutana na swali hilo katika shauri la mtoto aliyezaliwa Italia, akapelekwa Marekani na mamake akiwa na umri wa miezi 2. Mama alidai kwamba mumewe alikuwa akimpiga. Februari 2020, Jaji Ruth Bader Ginsburg aliandika kwamba si lazima wazazi wawe walipatana waziwazi kuhusu makazi. Hali zote zitazamwe kwa jumla. Italia ikashinda. Lakini mtoto huyo alikuwa amekwisha kutimiza miaka 5! Sheria yaweza kungoja, utoto haungoji.

Nasi je? Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinatamka kwamba maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza, na Sheria ya Watoto ya 2022 inasisitiza hayo. Hata hivyo, Kenya haijajiunga na Mkataba wa Hague, ilhali Afrika Kusini na Zimbabwe zimo. Wako watakaosema kwamba ni heri hivyo, hakimu wetu awe huru kupima maslahi ya mtoto bila kufungwa na amri ya kigeni. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa mama anayekimbia kipigo. Lakini uhuru huo humpa faida mzazi anayewahi kutoroka, kwani ndiye anayejichagulia korti. Isitoshe, Mkenya ambaye mwanawe ametoroshewa ng'ambo hana mlango wa Hague wa kubisha.

Kwa maoni yangu, Kenya ijiunge, na mahakimu wetu waifasiri ile kanuni ya hatari kubwa kwa macho makali. Tena mtoto asikizwe kwa lugha anayoimudu, si kwa lugha ya wakili. Mtoto mdogo akitengwa na wasemaji wa lugha yake huisahau upesi, na akiisahau, hata simu ya babake au bibi yake huwa kelele tupu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1989, ambao Kenya iliuridhia 1990, wampa mtoto haki ya kuwasiliana mara kwa mara na wazazi wake wote wawili, hata wakiishi nchi mbalimbali. Haki hiyo haitimii kwa tiketi ya ndege pekee. Mzazi aliyekabidhiwa mtoto na ajue kwamba kumfundisha lugha ya mwenziwe ni sehemu ya kutii amri ya korti.