Kifaranga Asiyeweza Kusimama

Yai la kuku huatamiwa kwa muda wa siku 21, na kiumbe atokaye humo huwa tayari ni mtembeaji. Saa chache tu baada ya manyoya yake kukauka, kifaranga husimama, hudonoa chini, na kumfuata mamaye kila aendako. Jambo hilo tumelizoea mno hata hatulistaajabii tena. Lakini mwalimu mwenye mashine ndogo ya kutotolea shuleni, au mwanafunzi afugaye kuku nyumbani, yamkini amepata kumwona kifaranga ambaye hakujaliwa hayo: amelala kifudifudi, mguu mmoja umeelekea kulia na wa pili kushoto, naye anapiga mabawa akijaribu kujiinua asiweze. Aghalabu kifaranga huyo hutupwa. Wakati mwingine hutibiwa kwa dawa yoyote iliyo karibu. Yote mawili ni makosa, na chanzo chake ni kimoja: kudhani kwamba udhaifu wa miguu ni ugonjwa mmoja.

Kwa hakika ni maradhi mbalimbali yenye sura zinazofanana. Swali la kwanza, basi, lisiwe "nimpe nini?" bali "ana umri wa siku ngapi?"

Tuanze na yule aliyetanuka miguu siku ya kwanza au ya pili. Huyu kwa kawaida hana upungufu utokanao na chakula kilicho mbele yake, kwa sababu hajaanza kukitegemea. Mabaki ya kiini cha yai, ambayo huvutwa ndani ya tumbo lake muda mfupi kabla ya kutotolewa, humlisha kwa siku mbili au tatu. Tatizo lake ni la kani na msuguano, na hapa somo la fizikia latufaa kuliko duka la dawa. Uzito wa mwili huisukuma miguu iende nje. Kinachoizuia ni misuli ya ndani ya mapaja pamoja na msuguano baina ya nyayo na sakafu. Misuli ya kifaranga mchanga ni dhaifu. Akiwekwa juu ya karatasi ya gazeti, bati au plastiki laini, msuguano hautoshi, miguu huteleza, na kila anapojaribu kusimama huzidi kuitanua. Kano na viungo vyake bado ni laini, hivyo baada ya siku chache huanza kuzoea mkao huo mbaya na kuufanya wa kudumu.

Ulaini huo huo unaomponza ndio unaoweza kumwokoa, ilimradi tusichelewe. Chukua ukanda wa plasta au wa kitambaa laini, upana wake usizidi sentimita 1, uiunganishe miguu miwili chini ya vifundo, ukiacha nafasi ya sentimita 2 na nusu hivi katikati, ili kifaranga asimame miguu ikiwa chini ya mwili wake na bado aweze kupiga hatua fupi. Usitumie uzi, kwa maana uzi hukata ngozi na kuzuia damu. Mweke juu ya gunia au kitambaa chenye kukwaruza. Siku ya kwanza ataanguka mara nyingi. Asipofika kwenye maji mwenyewe, mnyweshe kwa kumchovya ncha ya mdomo, na umtenge na wenzake wasije wakamkanyaga. Kila siku ufungue ukanda, utazame kama mguu umevimba, kisha ufunge upya. Akianza kutibiwa katika siku mbili za mwanzo, mara nyingi husimama bila msaada baada ya siku mbili hadi nne. Akicheleweshwa juma zima, matumaini huwa haba.

Wafugaji wa ndege wa mapambo wanaijua hali hii vizuri, hasa kwa yule kasuku mdogo wa Australia ambaye sasa hufugwa vizimbani duniani kote. Kule kwao hutagia ndani ya tundu la mti, na kinda wake, tofauti na kifaranga wa kuku, huzaliwa uchi na kipofu, akabaki humo kwa mwezi mmoja hivi kabla ya kuruka. Mfugaji anapompa sanduku lenye sakafu bapa na laini, mama humlalia kinda naye hana pa kushika, miguu ikatanuka. Dawa ni ile ile ya kufunga, pamoja na kutia vipande vya mbao laini sandukuni au kuchonga sakafu iwe na kishimo. Kwa kuwa kinda huyo hahitaji kutembea mapema, mara nyingi kasoro yake hugunduliwa ikiwa imekwisha kukomaa.

Turudi kwa kuku. Mambo hubadilika kabisa kifaranga aliyekuwa akitembea vyema anapoanza kuchechemea katika juma la pili au baadaye. Huyo kumfunga miguu ni kumtesa bure. Hapa hatuna budi kutazama chakula, na hapa ndipo mimi mwenyewe nilipopotea.

Nilikuwa nimerejea nchini na shahada yangu ya udaktari, nikajenga kibanda nyuma ya nyumba na kuweka vifaranga 30. Niliwalisha unga wa mahindi na dagaa waliosagwa. Walipofikia majuma matatu, wanne walikuwa wakiburuta mguu. Nilijiambia kwamba hayo ni matege, mifupa imekosa chokaa, nikawaongezea unga wa mifupa kwa ukarimu mkubwa. Baada ya siku kumi walioburuta mguu walikuwa tisa. Ndipo nilipomchinja mmoja na kumpasua, jambo nililopaswa kulifanya mwanzo. Mifupa yake ilikuwa migumu kabisa. Lakini kifundo kilikuwa kipana na bapa, na ile kano nene ipitayo nyuma yake ilikuwa imetoka katika mfereji wake na kulala ubavuni.

Upungufu huo si wa chokaa bali wa manganizi. Wilgus, Norris na Heuser wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha jambo hilo katika mwaka 1936. Manganizi huhitajiwa na vimeng'enya vinavyojenga gegedu, nayo gegedu ndiyo mahali mfupa unapokulia. Ikikosekana, mfupa huwa mfupi na mnene, mfereji wa kano hukosa kina, na kano huchomoka. Kifaranga huhitaji miligramu 60 hivi za manganizi katika kila kilo ya chakula, ilhali mahindi yana miligramu chini ya 10. Pumba za mpunga na za ngano zina zaidi ya 100. Na baya zaidi ni hili: chokaa na fosforasi zikizidi huizuia manganizi isifyonzwe tumboni. Kwa hiyo unga wangu wa mifupa ulikuwa ukiongeza ugonjwa niliodhani nautibu. Nilipochanganya pumba za mpunga hapakutokea mgonjwa mpya, lakini wale tisa hawakupona, kwa kuwa kano ikishachomoka chakula hakiirudishi.

Matege yenyewe yapo, nayo hutambulika kwa vidole bila kisu. Mdomo wa kifaranga hupindika kama mpira, na mfupa wa kidari hubonyea. Sababu ni ukosefu wa chokaa, fosforasi au vitamini D. Vifaranga wa kienyeji waparuao uani hawaugui sana, kwa kuwa jua huwatengenezea vitamini hiyo ngozini. Waugua zaidi wafungiwao ndani, na dirisha la kioo si dawa, maana kioo huzuia miale ihusikayo. Watoe nje kwa muda kila siku jua likiwa limepanda, uwape makombe au maganda ya mayai yaliyosagwa.

Sura ya tatu ni ya kifaranga anayekaa juu ya vifundo vyake, vidole vikiwa vimekunjwa kwa ndani kama ngumi, macho yakiwa maangavu na hamu ya kula ipo. Huyo amepungukiwa na riboflavini, yaani vitamini B2, na kilichoathirika ni mishipa ya fahamu iendayo miguuni. Majani mabichi kama mchicha, maziwa, au maini huwa nayo kwa wingi. Lakini kwa aliyekwisha kuugua, vitamini ya dukani itiwayo katika maji hufanya kazi upesi zaidi. Akiwahiwa hunyoka vidole katika siku chache. Akiachwa, mishipa huharibika moja kwa moja.

Yuko pia kuku mkubwa kidogo, aghalabu aliyepita mwezi mmoja, anayelala mguu mmoja ukiwa mbele na mwingine nyuma. Hayo ni mahepe, ugonjwa uliopewa jina la József Marek, mtaalamu wa Hungaria aliyeueleza mwaka 1907. Huletwa na virusi vinavyoenezwa kwa vumbi la manyoya, nao hauna tiba. Chanjo yake hutolewa siku ya kwanza ya maisha, kabla kifaranga hajaondoka mahali alipototolewa. Na kama kupooza kumeambatana na kukohoa, shingo kupinda, na vifo vingi kwa siku moja, usipoteze muda kutazama miguu: huenda ni kideri, umwite mara moja bwana mifugo.

Mwalimu anaweza kulifanya hili kuwa zoezi la darasa. Mayai 20, nusu ya vifaranga juu ya gunia na nusu juu ya pumba za mpunga, kila mmoja apewe alama na mwendo wake uandikwe kila asubuhi kwa majuma matatu. Asiwepo hata mmoja atakayewekwa juu ya gazeti ili tu tuone akitanuka miguu. Hayo matokeo tunayajua.