Mashine ya kukata nyasi ya kupanda: ipi ya kuagiza kwa bustani ya Bujumbura

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

MFANYABIASHARA anayepata oda ya mashine ya kukata nyasi ya kupanda kwa ajili ya nyumba ya Bujumbura anatakiwa kuuliza jambo moja kabla ya kuzungumzia bei: bustani hiyo ina ari ngapi, na je, imelala au imeinuka? Majibu mawili hayo yanaweza kumwokoa mteja wake na gharama ya dola elfu kadhaa, na yanaweza kumwokoa yeye mwenyewe na mashine inayorudishwa dukani.

Mashine zinazoulizwa zaidi ni zile ziitwazo ziro-teni, yaani zinazogeuka zikiwa zimesimama mahali pamoja. Zilianza kushika soko nchini Marekani katika miaka ya 1960. Hazina usukani. Kila gurudumu la nyuma lina giaboksi yake ya haidroliki na dereva anashika mikono miwili, wa kushoto kwa gurudumu la kushoto na wa kulia kwa la kulia. Akisukuma mmoja mbele na kuvuta mwingine nyuma, mashine inazunguka palepale ilipo. Magurudumu ya mbele hayaendeshi kitu wala hayaelekezi. Yanafuata tu kama ya toroli la dukani.

Faida yake ni muda. Mashine yenye upana wa kukata wa inchi 42, yaani sentimita 107, ikienda kilomita 6 kwa saa inapita juu ya mita za mraba 6,400 hivi. Ondoa robo kwa ajili ya kona na mistari inayopandana, zinabaki karibu 4,800, takriban nusu hekta kwa saa. Mashine ya kusukuma kwa mkono ya sentimita 50, kwa mwendo wa mtu anayetembea polepole, itafanya kama mita za mraba 1,300.

Sasa tuziweke hesabu hizo kwenye kiwanja. Ari moja ni mita za mraba 100. Nyumba ya Kinindo au Rohero ikiwa na ari 6 za nyasi zilizobaki baada ya nyumba, gereji na uwanja wa magari, kijana wa bustani atazimaliza kwa nusu saa akisukuma. Ziro-teni itazimaliza kwa dakika nane. Mteja atakuwa amelipa dola elfu tatu au zaidi ili kuokoa dakika ishirini na mbili za mtu ambaye ameshaajiriwa! Kwa maoni ya mwandishi, chini ya ari 15 za nyasi zilizo wazi mashine hii ni fahari ya mwenye nyumba, na muuzaji mwaminifu amwambie hivyo. Kuanzia ari 30 hali inabadilika, kwani kazi ya saa mbili na zaidi inashuka hadi dakika arobaini hivi, na katika miezi ya mvua nyasi hutaka kukatwa kila wiki.

Ndiyo maana mteja wa kweli wa bidhaa hii mjini si mwenye nyumba mmoja. Ni hoteli za ufukweni, ni makazi makubwa ya mabalozi na mashirika, na ni yule mkandarasi wa bustani anayezunguka na pikapu kwa wateja kumi. Huyu wa mwisho mashine yake inafanya kazi siku nzima.

Baada ya ukubwa, mteremko. Bujumbura ina sura mbili: bonde tambarare la kando ya Ziwa Tanganyika, na vilima vya mashariki kama Kiriri vinavyopanda kuelekea milima. Vitabu vya maelezo vya ziro-teni nyingi vinakataza mteremko unaozidi nyuzi 15, na baadhi vinaweka mpaka wa nyuzi 10. Nyuzi 15 maana yake ardhi inapanda sentimita 27 kwa kila mita moja ya usawa. Mtu yeyote anaweza kupima kwa ubao ulionyooka wa mita moja, pima-maji ya mwashi na futi kamba. Sababu ya katazo ni namna mashine inavyokata kona: magurudumu ya nyuma yakiteleza kwenye nyasi zenye umande, dereva anapoteza breki na mwelekeo kwa pamoja, kwa kuwa magurudumu ya mbele hayaelekezi. Chini ya bustani nyingi za Kiriri kuna ukuta wa mawe au bwawa la kuogelea. Kwa viwanja hivyo mashine ya kusukuma, au ile ya kufyekea ya begani, ndiyo jibu, hata kama faida ya muuzaji ni ndogo.

Kwenye tambarare nako kuna tatizo lake. Maji ya ziwa yalipanda sana mwaka 2021 na tena mwaka 2024, yakaingia katika Gatumba na maeneo ya ufukweni, na hata mwaka ambao hayapandi udongo wa karibu na maji hubaki laini msimu wa mvua. Ziro-teni ya nyumbani ina uzito wa kilo 250 hadi 350, na ya kibiashara inaweza kuzidi 500. Ikigeuzwa palepale juu ya udongo laini inachuna nyasi na kuacha duara la matope. Kwa bustani ya ufukweni tafuta magurudumu mapana na mashine nyepesi. (Viboko wanaotoka ziwani usiku hukata nyasi bila kulipwa, ila hawachagui bustani ya nani.)

Tukija kwenye mashine yenyewe, watu huangalia nguvu ya injini kwanza. Injini ya silinda mbili ya nguvu-farasi 20 hadi 24 inatosha kwa upana wa inchi 42 hadi 52, iwe ni Briggs & Stratton, Kawasaki au Kohler. Kinachotofautisha mashine ya miaka mitatu na ya miaka kumi mara nyingi ni giaboksi. Kwenye mashine nyingi za bei nafuu giaboksi haina filta ya kubadilisha na mtengenezaji hakuitarajia kufunguliwa. Kwenye za daraja la juu oili na filta hubadilishwa. Mkandarasi anunue za pili. Pia tazama chuma kinachofunika visu: kilichokunjwa kwa presi ni chepesi na hupata kutu mapema, kilichochomelewa kwa mabati mazito hustahimili mawe.

Vipuri viagizwe pamoja na mashine, si baadaye. Mkanda wa visu una urefu wake maalumu na haufanani na mkanda wa gari. Seti mbili za visu, mikanda miwili, beringi za mihimili ya visu, filta na plagi, vyote viingie katika kasha lilelile. Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga Mei 2023, na kila mfanyabiashara anajua ugumu wa kupata dola mara ya pili kwa ajili ya kifurushi cha mikanda.

Kwenye forodha, neno moja katika ankara linaweza kugharimu. Mashine ya kupanda ambayo visu vyake ni vya kudumu, visivyotolewa isipokuwa kwa matengenezo, ni mashine ya kukata nyasi chini ya kifungu 8433, na yenye injini na visu vinavyozunguka kwa mlalo ni 8433.11. Inabaki hapo hata kama ina ndoano ya kuvuta tela dogo. Lakini wauzaji wa Marekani hupenda kuandika "trekta" kwa zile zenye usukani, na trekta ni kifungu 8701. Mwambie muuzaji aandike ankara ya Kifaransa "tondeuse à gazon autoportée" na kuambatisha picha na kitabu cha maelezo, kisha wakala athibitishe kiwango cha ushuru OBR kabla ya mzigo kupakiwa melini. Tuchukue mfano wa mashine iliyofika Dar es Salaam kwa dola 3,800 pamoja na nauli na bima. Bila ushuru, TVA ya asilimia 18 ni dola 684. Ushuru ukiwa asilimia 10, unalipa 380 na TVA inapanda hadi 752, jumla 1,132, mbali na makato mengine.

Kwa wasafirishaji, kutoka Dar es Salaam kupitia Kabanga na Kobero ni zaidi ya kilomita 1,500. Burundi ilipofunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda Januari 2024, njia ya kupitia Kigali ilikatika, na vituo vya mpaka wa Tanzania vikazidi kutegemewa. Mashine isafiri ikiwa tangi ni tupu na waya za betri zimefunguliwa. Ifungwe kwa fremu, kamwe si kwa kupitisha kamba juu ya kifuniko cha visu, ambacho hupinda. Kuisukuma injini ikiwa imezimwa kunahitaji kwanza kufungua vali au vishikizo vya kuachia giaboksi, kwa kawaida viko nyuma, kimoja kila upande. Vibarua wakiivuta kwa nguvu bila kufanya hivyo wanaharibu giaboksi, na hasara huonekana Bujumbura wakati kila mtu ameshasaini. Kwa kupandisha kwenye lori tumia ubao mmoja mpana wa upana wote wa mashine, na ipande kinyumenyume, kwa sababu uzito uko nyuma na ikipanda mbele inaweza kupinduka.

Linabaki suala la petroli. Mashine ya nguvu-farasi 20 na kitu hunywa kama lita 4 hadi 6 kwa saa ya kazi, na katika uhaba ambao mji umeushuhudia miaka ya karibuni mashine haiwezi kupanga foleni kituoni kama gari. Mafuta yake huja kwa dumu, kama yanakuja. Ziro-teni za betri zipo na wateja wameanza kuziulizia. Bei yake ni kubwa, betri za lithiamu zina masharti yake melini, na chaja ya soko la Marekani imetengenezwa kwa volti 120 wakati umeme wa REGIDESO ni wa 220. Anayeagiza aombe kwa maandishi chaja ya volti 220, na ajue mteja ana jenereta au paneli za jua za kutosha kabla ya kupokea malipo ya awali.