Mbuzi, Kondoo na Kuku Katika Viwanja vya Ediofe

Ediofe ni kilima cha Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, penye kanisa kuu la jimbo Katoliki la Arua. Ingawa Arua ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2020, mfugo mdogo bado una nafasi yake uani, ila muhogo wa jirani hauko mbali. Mvua zikianza, kwa kawaida mwezi Aprili, mbuzi hufungwa kamba ili asiingie shambani mwa watu. Mavuno yakishaondolewa na kiangazi kikaingia mwezi Desemba, huachiwa ajitafutie.

Kamba huleta amani na majirani, lakini huleta minyoo. Mbuzi kwa asili ni mla majani ya vichaka, hula kichwa kikiwa juu. Akifungwa kwenye kigingi kilekile siku tatu, humaliza majani mazuri kisha huguguna nyasi hadi chini, na huko ndiko viluwiluwi vya minyoo vilipo, hasa asubuhi yenye umande. Mnyoo mbaya kuliko wote hunyonya damu tumboni. Mfugaji hufunua kope la chini: likiwa jekundu, mnyama yuko salama, likiwa jeupe kama karatasi, anahitaji dawa siku hiyohiyo. Bora zaidi ni kuhamisha kigingi kila siku, kumtoa mbuzi umande ukishakauka, na kumning'inizia matawi ya miti ya malisho kama lukina au kaliandra usawa wa kichwa. Banda lililoinuliwa, lenye sakafu ya mbao zilizoachana kidogo, huacha kinyesi kidondoke chini. Kikikusanywa, huwa samadi ya kurudisha kwenye bustani.

Maganda ya muhogo hayakosekani Arua, nayo ni chakula kizuri, ila si mabichi. Yale ya muhogo mchungu yana sumu ya sianidi, inayoweza kumuua mbuzi kwa muda mfupi. Yakatwekatwe, kisha yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa.

Kondoo ni mpole na hula nyasi kwa utulivu, lakini hastahimili madini ya shaba kama mbuzi. Chumvi ya kulamba ya ng'ombe au chakula cha kuku huweza kumlimbikizia shaba kwenye ini hadi afe ghafla, hata akiwa amenona.

Mbuzi na kondoo hubeba mimba takriban miezi mitano. Kwa hiyo jike akipandwa Novemba huzaa Aprili, majani mabichi yanaporudi na maziwa kuongezeka. Akipandwa Agosti, mtoto huzaliwa kiangazi kikiwa kikali. Mtoto anyonye dang'a mapema, katika saa chache za kwanza, na kitovu chake kipakwe iodini. Beberu naye abadilishwe kabla hajapanda binti zake.

Kuku wa kienyeji huatamia siku 21. Vifaranga wengi hupotea wiki za mwanzo kwa mwewe na baridi, kwa hiyo hufunikwa tenga pamoja na mama yao. Mchwa ni lishe yao bora: chungu kilichojazwa majani makavu na kinyesi cha ng'ombe hulowanishwa na kufudikizwa juu ya njia ya mchwa jioni, na asubuhi huwa kimejaa mchwa.

Adui mkubwa wa kuku ni ugonjwa wa mdondo, unaoweza kumaliza kuku wa kijiji kizima. Hushamiri kiangazi, wakati kuku wanaposafirishwa kwenda sokoni kabla ya Krismasi. Inasikitisha, maana chanjo ya tone moja jichoni, ikirudiwa kila miezi mitatu au minne, huwakinga, na kuna aina isiyoharibika haraka kwa joto. Chanjo mojawapo itolewe mapema Novemba, kwa kuku wasio wagonjwa tu, kwani haimponyi aliyekwisha kuugua. Kuku wageni watengwe wiki mbili. Mzoga wa mdondo hufukiwa kwenye shimo refu au huchomwa, wala hautupwi kichakani, ambako mbwa atauburuta hadi uwanja wa jirani.