Kanzu Iliyofuliwa

Wengi wajao ofisini kwangu hapa Mombasa kutaka kudai fidia ya majeraha hudhani kwamba adui wa haki yao ni dereva mwenye kukana, au kampuni ya bima yenye kuchelewesha, au wakili wa upande wa pili mwenye ulimi mkali. Nami, kwa miaka niliyoitumikia kazi hii, nimeyakinisha kwamba aghalabu bayana ya mdai huharibiwa na wampendao, tena kwa huruma tupu, kabla adui hajainua mkono.

Mshona kofia mmoja, mtu mzima mpole, aligongwa na matatu alipokuwa akivuka barabara baada ya sala ya alasiri, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Dereva akashikilia kwamba gari lilikuwa limekwisha kusimama, na mzee ndiye aliyejikwaa akaangukia ubavuni mwake. Sasa, pindoni mwa kanzu ya mzee palikuwa na alama nyeusi ya tairi, mistari yake ikihesabika, na gari lililosimama halipiti juu ya pindo la mtu. Lakini dada yake, kwa kutoweza kuitazama damu ya nduguye, aliitia kanzu ile katika beseni usiku uleule, akaifua, akaianika. Na iliponifikia siku ya tisa ilikuwa nyeupe kama ya Idi.

Mafakihi wa zamani waliweka kwamba bayana ni juu ya mwenye kudai, na Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, haikwenda mbali na hapo: atakaye mahkama iamini jambo, ndiye alithibitishe. Hatakiwi kuleta yakini isiyo chembe ya shaka kama itakiwavyo katika jinai. Yamtosha mizani imwinamie, japo kidogo. Ila mizani haiinami kwa maneno matupu.

Matibabu hutangulia yote, wala hapana wakili mwenye akili atakayekwambia ukapige picha ilhali damu yakutoka. Lakini hapo hospitalini ndipo kosa la kwanza huzaliwa, kwa kuwa jirani aliyekuleta, akiulizwa na karani kilichokupata, hujibu kwa haraka, “Ameanguka,” na neno hilo moja likiisha kuandikwa katika karatasi ya kwanza ya matibabu, wakili wa bima atalisoma mbele ya hakimu miaka miwili baadaye kwa sauti ya taratibu kabisa. Basi mwenye fahamu na aseme mwenyewe: nimegongwa na gari, mahali fulani, saa fulani.

Kisha polisi. Ajali iandikwe katika kitabu cha matukio, nawe uichukue nambari yake ya OB. Uombe abstrakti, na fomu ya P3 ambayo polisi huitoa na daktari huijaza. Watu huitukuza abstrakti kupita kadiri yake: yaeleza kwamba ajali ilitukia na gari gani lilihusika, lakini haimtwiki mtu kosa. Nambari ya gari ni ya kuhifadhi kama amana, pamoja na picha ya cheti cha bima kilichobandikwa kiooni, kwani kwa Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yule ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake huhesabiwa kuwa mwenyewe mpaka ithibitike vinginevyo.

Na picha za simu nazo zina adabu zake. Kifungu cha 106B cha sheria ya ushahidi chataka cheti cha kueleza picha ilivyotoka na chombo kilichoitoa. Kwa hiyo picha iliyozunguka katika simu arubaini, hata asijulikane aliyeipiga, ni yatima mbele ya mahkama. Mtafute mpigaji, umwandike jina, umsihi asiifute ile ya asili. Ikiwa duka la jirani lina kamera, mwandikie mwenye duka barua wiki ileile, maana mitambo hiyo hujifuta yenyewe ikijaa.

Risiti sina haja ya kuzirefusha: kila shilingi ya dawa na ya teksi idaiwe kwa hesabu yake na ionyeshwe kwa karatasi yake. Lenye utamu ni pato. Mtu asiye na mshahara hudhani hana la kuonyesha, hali mwaka 2005 Mahkama ya Rufani ya Kenya, katika shauri lililohusu pato la seremala, ilikataa kauli kwamba kazi na pato la mtu havithibitiki ila kwa hati. Mshona kofia wangu alikuwa na daftari lililopakaa mafuta ya taa, ambamo kwa herufi za Kiarabu aliandika kila mteja, aina ya kofia, arubuni na baki. Likasomwa mahkamani ukurasa kwa ukurasa, na upande wa pili haukupata pa kulishika.

Muhula wa kumshtaki mtu binafsi kwa uzembe ni miaka 3, na Serikali miezi 12 tu. Na kabla ya hapo huenda akaja mgeni wa heshima na bahasha, pamoja na karatasi ya kutia sahihi kwamba umeridhika na huna dai tena. Pokea salamu, uiache karatasi.

Hukumu ilipotoka, pato alilodai lilikubaliwa lote, ila kwa habari ya ajali yenyewe hakimu, akiwa na kauli mbili zinazogongana na hana kitu cha kuzipambanua, alimtwika mzee theluthi ya kosa, na theluthi ya fidia ikaenda nayo. Dada yake alikuwapo. Tulipotoka barazani akaniuliza, “Bwana wakili, sasa ile kanzu yafaa kwa lolote?” Nikamrudishia mfuko wake, nikamwambia ampe avae.