MAHIWA 1917: WAISLAMU KATIKA MAHANDAKI YA VITA VISIVYO VYAO

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Tukisoma habari za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914–1918), mara nyingi tunaelezwa habari za Ulaya tu. Tunasoma kwamba huko Passchendaele, Ubelgiji, kuanzia Julai hadi Novemba 1917, askari walikaa ndani ya mahandaki yaliyojaa maji, na wengine wakazama katika tope. Wengi wetu hatujui kuwa katika miezi hiyo hiyo damu nyingi ilimwagika nchini mwetu, mahali paitwapo Mahiwa, mkoani Lindi.

Vita vilitufikiaje?

Wakati huo Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa koloni la Wajerumani. Uganda na Kenya zilikuwa chini ya Waingereza. Kwa hiyo nchi hii yetu ya Kagera ilikuwa mpakani mwa maadui wawili. Mwezi Juni 1915 Waingereza walivuka Ziwa Viktoria, wakaushambulia mji wa Bukoba na kuuvunja mtambo wa redio, na mji ukaporwa. Mwaka 1916 waliishika Bukoba, na Wabelgiji wakaingia Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera. Wajerumani walizidi kurudi nyuma hadi wakafika kusini.

Siku nne za Mahiwa

Mapigano yalianza Oktoba 15 hadi 18, 1917. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu wapatao 1,500, wengi wao wakiwa askari Waafrika. Walichimba mahandaki na kuweka bunduki za rashasha. Waingereza walikuwa karibu 5,000, wakiwemo wanajeshi kutoka Nigeria. Wanigeria walitumwa wazunguke nyuma ya adui, lakini wakazingirwa wao, wakapigana katika joto kali na kiu. Upande wa pili, Jenerali Beves aliamuru vikosi vyake viyaendee mahandaki uso kwa uso, tena na tena.

Aliye ndani ya handaki huonekana kichwa tu, na anayemwendea huonekana mwili mzima. Hii ndiyo sababu Waingereza walipoteza watu wanaokadiriwa kufikia 2,700 kwa kuuawa, kujeruhiwa au kupotea. Wajerumani walipoteza zaidi ya 500, yaani theluthi moja ya watu wao. Walishinda, lakini risasi zilikuwa zimepungua sana. Mwezi uliofuata walivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji.

Muislamu dhidi ya Muislamu

Novemba 1914 dola ya Uthmaniya, iliyokuwa upande wa Wajerumani, ilitangaza jihadi dhidi ya Waingereza na washirika wao. Wajerumani waliueneza wito huo hapa Afrika Mashariki, kwa kuwa askari wao wengi walikuwa Waislamu. Lakini Waingereza nao walikuwa na Waislamu kutoka India, na Wahausa kutoka kaskazini mwa Nigeria. Hivyo huko Mahiwa walikuwepo watu wa kibla kimoja katika mahandaki yaliyopigana. Aliyeshinda angepata koloni, na wao wangebaki kutawaliwa.

Ndugu wanafunzi, jihadi ina masharti yake, na wanazuoni wameyaeleza. Mtawala anayetafuta ardhi ya wengine hayatimizi kwa kulitaja jina lake tu. Akikujieni mtu na wito wa kupigana kwa jina la dini, waulizeni kwanza walimu na wazazi wenu, na mtazame ni nani atakayefaidika.

Waliobeba mizigo

Mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa jeshi, kwa hiyo mizigo ilibebwa na watu. Waingereza peke yao walichukua wapagazi wapatao milioni moja, wengi wao kwa nguvu. Zaidi ya 90,000 walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi.

Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Mnara wa Askari uliopo Dar es Salaam, uliowekwa mwaka 1927, unawakumbuka kwa jumla tu. Una maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu. Mwanafunzi wa madrasa akifika huko anaweza kujaribu kuyasoma yote mawili.

Tunawaomba wanafunzi mfanye kazi moja likizo hii. Waulizeni babu na bibi zenu hapa Bugomora kama wamesikia habari za mzee wa ukoo aliyechukuliwa vitani au kubebeshwa mizigo. Andikeni jina lake, jina la baba yake na kijiji chake, kisha mleteni karatasi hiyo darasani. Mwenyezi Mungu anawajua wote, lakini sisi tusipoandika, wajukuu wetu hawatawajua.

Wabillahi tawfiq.