Mafua ya mtu, mafua ya jogoo

Kenyamonta, kama kwingineko Serengeti na Tarime mkoani Mara, neno mafua limebebeshwa mzigo. Mtoto anayevuta kamasi darasani ana mafua. Baba aliyeshindwa kutoa ng'ombe zizini, mwili unamuuma mpaka mizizi ya nywele, naye ana mafua. Jogoo aliyevimba uso na kutokwa ute puani, mafua vilevile. Watatu hao wanaumwa vitu vitatu, lakini dukani dawa huombwa ileile: vidonge vya rangi mbili, yaani amoksilini.

Mafua ya kawaida huletwa na virusi vya kila namna. Kundi moja tu, la virusi vya raino, lina aina zaidi ya 100, ndiyo maana mwili hauishi kukutana na vigeni. Huja kwa kunyata: leo koo linawasha, kesho chafya, keshokutwa pua imeziba. Mtu mzima hapati homa, au huipata kidogo. Anaumwa, ila jembe analishika.

Homa ya mafua, wanayoiita wataalamu influenza, haibishi hodi. Asubuhi uko mnadani unapatana bei ya ndama. Jioni unatetemeka chini ya blanketi, joto limepita nyuzi 38, kichwa kinagonga, kikohozi kikavu. Kamasi huenda hata zisiwepo za kutajika. Homa hupungua baada ya siku chache, lakini uchovu unaweza kukung'ang'ania wiki mbili.

Msomaji wa Mara ameshaniwahi: hiyo si malaria? Ndiyo ugumu wenyewe. Kutetemeka, kuumwa kichwa na viungo ni dalili za zote mbili, na mtoto mwenye malaria anaweza kukohoa pia. Kwa hiyo muuguzi anapotoboa kidole kwanza, yuko sahihi. Kasheshe huanza kipimo kikisema hakuna malaria. Wapo wanaohisi wamenyimwa ugonjwa wao, wakapitia dukani kununua dawa mseto ya malaria kwa fedha zao.

Virusi vya influenza vina makundi manne. C huleta mafua mepesi. D makao yake makubwa ni ng'ombe, na haijajulikana kumfanya binadamu augue. Wafugaji wetu wapumue. B ni ya watu hasa, nayo huja karibu kila mwaka. Mkorofi ni A, anayeishi kwa ndege, nguruwe na watu, akibadili sura kila anapohama. H1N1 ni yake. Ndiyo iliyozunguka dunia mwaka 1918 na kuua mamilioni, wakiwamo askari na wapagazi wa jenerali Mjerumani Lettow-Vorbeck waliokuwa wamesalimu amri na kuwekwa Tabora. Mwaka 2009 ikarudi kwa sura mpya. Kenya ilimpata mgonjwa wa kwanza mwezi Juni, mwanafunzi Mwingereza aliyekuwa Kisumu. Julai ikafika Tanzania. Ikaitwa mafua ya nguruwe, na walaji wa kitimoto wakaingiwa hofu bure, maana nyama iliyoiva haiambukizi.

Ziwa letu, Viktoria, nalo limeguswa. Januari 2017, ndege pori walikutwa wamekufa Lutembe, karibu na Entebbe, na kipimo kikaonyesha mafua ya ndege, H5N8. Kuku wengi wakianguka ghafla uani, inaweza kuwa hiyo, ingawa mara nyingi ni kideri. Usiwachinje wala kuwagawia majirani. Mwite afisa mifugo.

Kwa binadamu, mengi huisha kwa kupumzika, maji ya kutosha na parasetamoli. Mtoto asipewe aspirini. Anayepumua haraka, mbavu zikibonyea ndani, au anayekataa kunyonya, asingojee kesho. Mjamzito, mzee na mwenye kisukari au pumu nao wawahi kituoni homa kali ikiwashika, kwa sababu influenza kwao hugeuka nimonia upesi. Dawa ya kupambana na kirusi chenyewe ipo, oseltamivir, na hufaa zaidi ikianzwa ndani ya siku mbili za mwanzo.

Rangi mbili je? Amoksilini ni antibiotiki, na antibiotiki huua bakteria; kirusi hakiguswi. Mafua ya kuku, yale ya kuvimba uso, huletwa na bakteria. Kwa hiyo kati ya wagonjwa wetu watatu, mwenye haki ya kuandikiwa antibiotiki, tena na mtaalamu wa mifugo, ni jogoo.